Kuatamia Yai la Udongo

Jamani, nyama choma naijua. Nimekulia Temeke: unawasha jiko, unapepea kwa kipande cha boksi, baada ya saa moja watu wanachokonoa meno. Sasa hapa Houston jirani kaniuzia jiko la mtumba la udongo, umbo la yai, kilo 70 na ushei. Wenyewe wanaliita kamado, jina la Kijapani. Tulilibeba wanaume watatu, na mmoja mpaka leo hapokei simu yangu.

Masharti yake sasa, utadhani unaposa! Usiliwashe kwa mafuta ya taa, udongo unanywa harufu na nyama itanuka kibatari. Usitie mkaa wa kubanwa, majivu yake mengi yataziba njia ya hewa. Tafuta mkaa wa vipande vya mti. Yaani ule ule wa gunia niliouacha nyumbani, huku nimeununua kwenye mfuko wenye rangi kama zawadi ya Idi.

Mkaa unaujaza tele, lakini unawasha sehemu moja ndogo tu, moto utambae wenyewe usiku kucha, nyama iive taratibu. Unatia vipande vya mti wa hickory kwa ajili ya moshi, halafu kigae kinene ili moto usiione nyama, beseni la kukinga mafuta, kisha wavu. Shabaha yangu joto la nyuzi 107 za Selsiasi, na usukani ni vitundu viwili vya hewa, cha chini na cha juu.

Ijumaa saa nne usiku nikawasha. Nikaingia ndani mara moja kupaka chumvi na pilipili manga kidari cha ng'ombe, kilo sita. Kutoka, mshale wa kipimajoto uko 180! Nikabana vitundu. Wapi! Udongo ukishashika moto una kinyongo kama wifi. Nyama imepanda wavuni saa nane usiku.

Alfajiri mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ameamka kuswali akanikuta uani nimejikunyata kando ya lile yai, blanketi mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Salma, unaatamia?"

Mchana wageni wakafika. Saa sita, nyama kwa ndani nyuzi 68. Saa saba, 68. Saa nane, 68! Kumbe inatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza. Mimi nachochea, yenyewe inajipepea. Shemeji mmoja akafunua mfuniko achungulie, hewa ikaingia, mkaa ukachangamka, mshale ukapaa tena. Nikaifunga nyama kwa karatasi ya bucha ili iache kujipoza, na shemeji nikamfunga kwa macho.

Mama mkwe akaingia jikoni kimya kimya, akatoka na wali na maharage ya nazi. Watu wakala, wakashiba, wakanisifu mimi kwa moshi mzuri.

Saa kumi na mbili jioni ndipo kipimajoto kikasoma 95. Nikaitoa, nyeusi nje kama sufuria la shughuli, laini, inatikisika kama halua ya moto. Watu wakasogea na visu. Nikawaambia bado: masharti yanataka ifungwe taulo, ilazwe ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, ipumzike saa nzima.

Mama mkwe akanitazama macho yangu yalivyoiva.

"Ipumzike? Imefanya kazi gani? Aliyekesha si wewe?"