Geti la maegesho na mgonjwa wa kila siku

Ada ya maegesho hospitalini ikijadiliwa, swali la kwanza huwa lilelile: ni haki kumtoza mgonjwa? Swali hilo halitufikishi mbali, maana wagonjwa hawafanani. Aliyekuja kutolewa nyuzi za kidonda hulipa mara moja, akasahau. Wa mionzi huja Jumatatu hadi Ijumaa: takriban wiki 3 kwa saratani nyingi za matiti, wiki 6 au 7 kwa zile za kichwa na shingo. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo huja mara 3 kwa wiki na kukaa mashineni kama saa 4 kila mara. Hizo ni safari 156 kwa mwaka, na hakuna mwaka wa mwisho isipokuwa apandikizwe figo. Kwa hawa ada ni ile ya chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tena wanalipia muda wasioupanga wao. Chukua siku ya dripu ya saratani. Kama damu haikupimwa jana yake, hupimwa asubuhi. Daktari husubiri kuona idadi ya chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, pamoja na hali ya figo na ini. Akiridhika ndipo famasia huchanganya dawa kwa kipimo cha mgonjwa huyo. Mara nyingi hawachanganyi mapema: dawa ni ghali, nyingine hazikai muda mrefu zikishachanganywa, na majibu ya damu yakiwa mabaya zote humwagwa. Hapo asubuhi nzima inaweza kuyeyuka kabla sindano haijaingia mshipani. Mwili ukiikataa dawa, dripu husimamishwa, mgonjwa hupewa dawa ya mzio, kisha dripu huanzishwa upya polepole. Aliyekata tiketi ya muda wa saa tatu getini anakuta faini kwenye kioo. Ndiyo maana mashine ya kulipa kabla ndiyo mbaya kuliko zote hospitalini. Afadhali kulipa wakati wa kutoka, tena kwa kiwango chenye kikomo cha siku.

Kumwambia apande basi ni rahisi kwa asiyeumwa. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na msongamano wa abiria ni hatari ya maambukizi. Baadhi ya dawa za mzio husinziza, kwa hiyo hata usukani si wake. Leo anaendeshwa na mwanawe, kesho na jirani.

Hata hivyo, wanaotetea ada wana hoja nzito. Taa, walinzi, lami na ukarabati wa jengo la ghorofa la magari vina gharama, na fedha isipotoka getini itatoka kwenye bajeti ya wauguzi na vifaa. Mgonjwa asiye na gari, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, hapati chochote maegesho yakiwa bure. Na hospitali ikiwa karibu na kituo cha treni au maduka, nafasi za bure hujaa asubuhi na mapema magari ya watu wasio na shida yoyote na hospitali. Kipindi cha mionzi ni dakika 10 hadi 20 kwenye mashine. Anayezunguka akitafuta nafasi anakipoteza chake na kuwachelewesha wa nyuma. Nafasi ya bure isiyopatikana haimsaidii mtu.

Nchi zilizojaribu zinafundisha zaidi ya hoja. Uskoti ilifuta ada mwishoni mwa 2008, lakini hospitali 3 ambazo maegesho yake yalikuwa chini ya mikataba ya kampuni binafsi ziliendelea kutoza kwa miaka mingi, na ada yao ikafutwa moja kwa moja 2021 tu. Mkataba wa miaka mingi huishi kuliko waziri aliyeusaini.

Uingereza yenyewe ilichagua misamaha. Mgonjwa wa nje, yaani asiyelazwa, anahesabika wa mara kwa mara na kusamehewa ada akihitajika kufika angalau mara 3 ndani ya mwezi, kwa kipindi cha jumla kisichopungua miezi 3. Linganisha na mionzi ya matiti: safari 15 ndani ya wiki 3, halafu basi. Kwa maandishi ya sharti hilo, mionzi peke yake haimfikishi kwenye msamaha, ingawa amekuja kila siku ya kazi. Ontario, Kanada, tangu 2016, inazilazimu hospitali zinazotoza zaidi ya dola 10 kwa siku kuuza pasi za siku 5, 10 na 30 kwa nusu bei, zinazodumu mwaka mmoja na zinazoweza kutumiwa na mgonjwa au anayemhudumia. Hilo la mwisho ni la busara kweli, japo pesa inatakiwa mbele.

Kwa maoni yetu ada ya jumla ibaki pale penye msongamano, ila msamaha ufuate mpango wa tiba badala ya ombi la mgonjwa. Kliniki inayopanga dripu ya kwanza au mionzi ndiyo itoe kibali siku hiyohiyo, kwa namba ya faili na si namba ya gari. Tarehe ya mwisho iongezwe wiki kadhaa, kwa sababu chembe zikishuka dripu husogezwa na mashine ya mionzi huharibika. Nafasi chache karibu na mlango wa idara zifungwe kwa mnyororo na mlinzi awe na orodha ya siku. Bila mnyororo na mlinzi, kibali ni karatasi tu.

Mpango huu haumgusi ndugu anayekesha kando ya kitanda cha anayekaribia kufa, kwani hana ratiba wala namba ya miadi. Kwake kibali kikae mkononi mwa muuguzi wa zamu, hata saa 8 usiku.