Katizo na kumbukumbu ya mtumiaji: marufuku inayoelezwa nusu

Kila anayeanza kuandika draiva, programu inayoendesha kifaa kwa niaba ya mfumo, huambiwa mapema: ukiwa ndani ya katizo (ishara inayoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo la haraka), usiguse kumbukumbu ya mtumiaji, yaani ile ya programu za kawaida. Akiuliza sababu, hujibiwa kwamba ukurasa (kipande cha kumbukumbu) anaoutaka huenda haumo kwenye RAM, kwamba kuuleta kutoka diski ni kusubiri, na kwamba msimbo wa katizo hauruhusiwi kulala. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu, tena nusu iliyo nyepesi. Ndiyo maana ubishi huu haukomi. Upande mmoja wapo wanaosema "kamwe". Upande wa pili wapo wanaouliza: mbona kerneli ya Linux yenyewe, moyo wa mfumo wake, husoma kumbukumbu ya mtumiaji ndani ya katizo, maelfu ya mara kwa sekunde, kila mtu anapowasha perf, chombo chake cha kupima mwendo wa programu?

Nianze na wa kamwe, maana hoja yao haihitaji maneno mengi. Kwenye Windows, msimbo unaokimbia katika kiwango cha DISPATCH_LEVEL (ambapo kulala hakuruhusiwi) au juu yake ukigusa ukurasa ambao haumo kwenye RAM, mashine nzima inasimama: skrini ya bluu na namba 0xD1 au 0x0A, ambazo ni nadra kumpata mwandishi wa draiva asiyezijua. Kuuzungushia msimbo huo __try, agizo la kudaka makosa, hakusaidii kitu, kwa sababu mfumo husimama kabla kosa halijamfikia wa kulidaka. Njia halali ni kujiandaa mapema. Draiva hufunga kurasa za mtumiaji kwenye RAM kwa MmProbeAndLockPages ikiwa bado ndani ya mchakato ulioomba kazi, halafu hujipatia anwani ya upande wa kerneli inayoelekea kwenye kurasa zile zile. Katizo likija hutumia anwani hiyo ya kerneli, na ile ya mtumiaji haiguswi tena. Linux nayo ina pin_user_pages, iliyoingia katika toleo la 5.6 mwaka 2020. Kwa draiva ya kifaa kinachomwaga data moja kwa moja kwenye bafa ya programu, sioni la kubishania hapo.

(Wapo wanaodhani mlock inatosha. Haitoshi. Mlock inaahidi kwamba ukurasa hautatolewa kwenye RAM. Haikuahidi kwamba utakaa pale pale. Kerneli inaweza kuuhamisha ili ipate nafasi zilizoungana, na anayeugusa katikati ya uhamisho hupata hitilafu ya ukurasa (kosa la kutoukuta) kama mwingine yeyote.)

Sasa ile nusu nyingine. Chukua Linux kwenye prosesa za x86, na draiva iliyoandikwa ovyo inayoita copy_from_user, funksheni ya kunakili data kutoka kumbukumbu ya mtumiaji, ndani ya katizo. Wengi watakwambia mashine itaganda. Haigandi. Ukurasa usipokuwepo, msimbo unaoshughulikia hitilafu za ukurasa hutazama kwanza uko katika hali gani, na ukijikuta ndani ya katizo haujaribu kuuleta. Huchukua anwani ya agizo lililokwama, huitafuta kwenye jedwali lililoandaliwa kwa kazi hiyo, hukuta pa kurukia, na copy_from_user hurudi ikisema baiti kadhaa hazikunakiliwa. Hakuna aliyelala. Kerneli iliyowashiwa ukaguzi itapiga kelele kwenye logi; isiyowashiwa itanyamaza.

Balaa ni pale ukurasa unapokuwepo. Programu A imeomba data, ikalala ikisubiri. Kifaa kinamaliza kazi, katizo linaingia, na wakati huo prosesa inaendesha programu B. Anwani aliyoiacha A, tuseme 0x7f3a10002000, ni namba tu; kila mchakato una ramani yake ya kurasa, na B naye anaweza kabisa kuwa na kitu chake katika namba hiyo hiyo. Ni sawa na kupeleka barua nyumba namba 14 bila kuuliza mtaa. Kusoma kunafaulu, hakuna kosa linalorudi, na umezichukua siri za B ukaziita data za A. Ikiwa ulikuwa unaandika, umemharibia B kumbukumbu yake, naye ataanguka baadaye sana, kwenye mstari usiohusiana kabisa na draiva yako. Atakayetafuta chanzo ataanzia kwa B na atapoteza wiki huko.

Kwa hiyo swali la kwanza la marufuku hii ni "anwani hii ni ya nani?" Lile la kulala ni la pili. Mpangilio huo una uzito, kwa sababu ushauri unaotolewa haraka haraka, kwamba hamishia kazi kwenye uzi wa katizo (mfululizo wa kazi wa kerneli unaoendeshwa nje ya katizo lenyewe), unajibu la pili peke yake. Linux ina nyuzi za namna hiyo tangu 2009, na kweli zinaweza kulala zitakavyo. Lakini uzi wa kerneli hauna ramani ya mtumiaji yeyote mpaka uazimwe moja. Mtu aliyefundishwa kwamba tatizo ni usingizi atadhani amelitatua.

Ukilipanga hivyo, utetezi wa wale wengine unaonekana kwa sura nyingine. Kifaa cha kupima mwendo wa programu kama perf hakibebi ombi la mtu aliyelala mahali pengine. Kinamuuliza aliyekatizwa: ulikuwa wapi, na nani alikuita ufike hapo? Mwenye anwani ni huyo huyo anayeendeshwa na prosesa sasa hivi. Swali la kwanza limejijibu. Linabaki la pili tu, na hilo lina dawa: soma kwa njia ambayo hairuhusiwi kuleta ukurasa, na uwe tayari kukosa.

Kuwa tayari kukosa si maneno ya kujifariji. Kumeandikwa ndani ya muundo wa data. Perf inapochukua kipande cha staki ya mtumiaji, yaani kumbukumbu inayoweka rekodi ya funksheni zilizoitana, sampuli huanza na ukubwa uliotengwa, hufuata baiti zenyewe, na mwishoni huwekwa ukubwa uliopatikana kweli. Ukurasa wa katikati ukikosekana, namba ya mwisho inakuwa ndogo, na msomaji wa sampuli anajua ni wapi pa kuishia. Linganisha na draiva inayopokea "baiti kadhaa hazikunakiliwa" ndani ya katizo: itafanya nini na jibu hilo? Haina wa kumrudishia kosa. Aliyeomba amelala.

Kuna gharama lakini, na mimi kila nikiipigia hesabu nashangaa imekubalika muda mrefu kiasi hiki. Kufuata mnyororo wa waitaji kwa njia ya majedwali ya DWARF (maelezo ya kufumbulia staki yaliyowekwa kwenye faili la programu) kunahitaji kusoma majedwali yenyewe, ambayo hukaa kwenye kurasa za faili zisizoguswa mara kwa mara, yaani zile zile ambazo zina kila sababu ya kutokuwepo kwenye RAM. Ndani ya katizo haiwezekani kuzitegemea. Basi perf hunakili kipande kizima cha staki, baiti 8192 kwa kawaida, ili mnyororo ufumbuliwe baadaye nje ya kerneli. Mwendo wake wa kawaida ni sampuli 4000 kwa sekunde. Zidisha: ni karibu megabaiti 33 kila sekunde kwa kila kiini cha prosesa chenye kazi. Mashine yenye viini 64 vyote vikichapa kazi ingemwaga zaidi ya gigabaiti 2 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya hizo ni vigezo vya ndani vya funksheni ambavyo hakuna aliyeviomba. Tena staki ikiwa ndefu kuliko baiti 8192, mwanzo wa mnyororo haumo hata baada ya gharama yote hiyo.

Njia ya fremu, yaani eneo la kila funksheni kwenye staki, ni nyepesi mno ikilinganishwa. Kila hatua ni baiti 16: kielekezi cha fremu iliyotangulia na anwani ya kurudia. Hata mnyororo ukifika kikomo cha kawaida cha hatua 127, umesoma baiti 2032, robo ya kile kipande. Masharti yake ni kwamba programu ziwe zimekusanywa kwa kubakisha kielekezi cha fremu, jambo lililoachwa kwa miaka mingi ili prosesa ipate rejista moja ya ziada. Fedora 38 mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 mwaka uliofuata zilikubali kukirudisha kwenye vifurushi vyao, kasi ipungue kidogo. Watu waliubishania uamuzi ule kama suala la kasi. Chini yake kulikuwa na jambo dogo zaidi: ni kitu gani katizo linaweza kukisoma bila kusubiri.

Wa kamwe wana mapingamizi mawili hapa ambayo hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni kwamba kinachokosekana hakikosekani kwa bahati nasibu. Kurasa zinazotolewa kwenye RAM ni za chini ya staki, zile za waitaji wa mwanzo ambao hawajarudiwa kwa muda, na hutolewa pale mashine inapobanwa na uhaba wa kumbukumbu. Mnyororo basi hukatika upande wa mzizi, wakati ule ule ambao mtu ana sababu nzuri ya kupima. Grafu ya minyororo inabaki na matawi yasiyo na shina, na asiyejua atayasoma kama matokeo.

La pili ni la ufundi. Kwenye x86 katizo la kupimia huja kwa kawaida kama NMI, katizo lisilozuilika, hivyo linaweza kuingia hata katikati ya kushughulikia hitilafu ya ukurasa ya mtu mwingine. Anwani iliyosababisha hitilafu hukaa kwenye rejista ya CR2. NMI ikiingia kabla rejista hiyo haijasomwa, nayo ikapata hitilafu yake, CR2 imefutwa, na kazi iliyokatizwa ikiendelea itahangaikia anwani isiyo yake. Linux huinakili CR2 NMI inapoingia na huirudisha inapotoka. Zaidi ya hapo, hitilafu ya ukurasa hurudi kwa agizo la IRET, na IRET huifungulia prosesa mlango wa kupokea NMI nyingine kabla ya ile ya kwanza kumaliza. Msimbo wa kuingilia NMI ilibidi uandikwe upya kwa ajili ya hilo. Ongeza kwamba vielekezi vya fremu viko mikononi mwa programu, inayoweza kuweka humo anwani yoyote hata ya kerneli, kwa hiyo kila hatua lazima ikaguliwe. Anayesema "kusoma tu bila kuleta ukurasa ni rahisi" ameishi kwenye nyumba iliyojengwa na wengine.

Hata hivyo, yote hayo ni gharama ya kufanya sawasawa. Hayaonyeshi kwamba kitendo chenyewe ni kosa, na ndipo ninapoachana na wa kamwe. Mwandishi wa draiva aliyekariri katazo bila sababu hana kipimo cha kutofautisha kazi yake na ya perf. Akiona perf inafanya, atadhani ni suala la kuchagua funksheni yenye jina sahihi, ataita ile isiyoleta ukurasa, haitamlalamikia kamwe, na atakuwa anasoma kumbukumbu ya B.

Siku hizi watengenezaji wa kerneli wanajenga njia ya tatu: katizo liweke alama tu, na mnyororo usomwe uzi uliokatizwa unapokaribia kurudi kwa mtumiaji. Hapo kulala kunaruhusiwa na mwenye anwani ni yule yule. Staki yake ya mtumiaji haibadiliki akiwa ndani ya kerneli, hivyo usomaji mmoja unatosha kwa sampuli zote zilizochukuliwa katika safari hiyo. Wa kamwe wanaweza kudai ushindi, na kwa perf huenda wakawa sahihi. Ila programu za BPF, zile ndogo zinazopakiwa ndani ya kerneli, zinazojumlisha minyororo ndani ya kerneli, pale pale katizo linapoingia, zinahitaji mnyororo mzima kabla ya kuamua zihesabu kwenye kikapu kipi. Kwa hizo, kuahirisha ni kubadilisha muundo wa chombo kizima, na bpf_probe_read_user, isiyolala na iliyo tayari kurudi mikono mitupu, bado ndiyo inayozifaa.