Msimfichie mama dawa kwenye uji

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga: mama kaanguka bafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini paji la uso lilikuwa limevimba. Nikauliza asubuhi alikula nini.

"Uji tu." Akanyamaza kidogo. "Na dawa ya presha. Siku hizi anaikataa, kwa hiyo tunaisaga tunamtilia humo humo."

Moyo ulinipasuka. Dawa yenyewe ni nifedipine ya miligramu 20, ile ya kufanya kazi polepole. Kidonge kile kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikisaga, yote inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja, presha inashuka ghafla, mzee anashikwa na kizunguzungu. Mdogo wangu angejuaje? Aliyemuuzia dukani aliandika 1×2 juu ya bahasha, basi.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huku Uingereza, mwaka wa saba sasa. Kila asubuhi nasukuma toroli la dawa chumba kwa chumba. Kila mzee ana karatasi yake: picha yake, vitu vinavyomdhuru, dawa zake na saa zake. Nampa kidonge, nasubiri akimeze mbele yangu, ndipo natia saini. Akikataa naandika kakataa, kisha namwarifu muuguzi. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, inakaa kwenye kabati la kufuli na tunaitilia saini watu wawili.

Hilo la kukataa ndilo lililonisumbua mwanzoni. Kwetu mgonjwa hubembelezwa, na asipobembelezeka huzungukwa, tena kwa mapenzi kabisa. Huku England na Wales ipo sheria ya mwaka 2005 inayosema mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike kwamba hawezi, na kwamba kuamua vibaya peke yake si ushahidi wa kukosa uwezo huo. Kumfichia mtu dawa kwenye chakula kunaruhusiwa pale tu alipopimwa akaonekana hawezi kuliamua jambo hilo, walezi, madaktari na ndugu wakakaa wakakubaliana kwamba ni kwa faida yake, na mfamasia akasema kama dawa hiyo inasagika. Yote yanaandikwa.

Huku nako kuna madhambi yake. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ripoti akikadiria kwamba watu 180,000 wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili, na kwamba dawa hizo zilisababisha vifo 1,800 vya ziada kila mwaka. Mzee anayepiga kelele usiku mara nyingi ana maumivu, au amefunga choo, au anamtafuta mkewe aliyefariki zamani. Anataka mtu akae naye. Zamu ikiwa na wahudumu wachache, nimeona jinsi watu wanavyotamani kidonge kikae badala yao. Katika hili tumewashinda mbali: mama yangu hajawahi kukosa mtu wa kukaa naye barazani.

Lakini watu wote wale wa barazani, hakuna aliyemuuliza. Siku ile niliomba apewe simu.

"Shikamoo mama. Dawa huitaki kwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Inanivimbisha miguu. Tangu nianze kuimeza hata kandambili hazinienei."

Miguu kuvimba ni athari inayojulikana kabisa ya nifedipine. Mama alikuwa na sababu ya kitabibu, na sisi tukamwona mkaidi, tukamsagia. Bado naona uchungu nikikumbuka.

Mdogo wangu akakusanya bahasha zote kwenye mfuko mmoja, akampeleka mama hospitali. Daktari akazimwaga mezani, akazisoma moja moja, akambadilishia dawa. Siku hizi mama anaimeza mwenyewe, kwa maji, baada ya chai. Kandambili zake zinamwenea.