Datashiti haitakuambia ORG ni nini

Mtu akipewa faili la zamani la .asm, yaani kodi ya lugha ya asembli, tuseme la chipu ya PIC16F84A ya Microchip, kitu cha kwanza anachotafuta ni datashiti, hati ya mtengenezaji inayoeleza chipu. Anaipata bila shida. Anakuta amri zote 35 zimepangwa kwenye jedwali, MOVLW, BTFSC, GOTO na nyinginezo, kila moja na biti zake. Anarudi kwenye faili, na mistari ya juu iko hivi:

    LIST p=16F84A
    #include <p16f84a.inc>
    __CONFIG _CP_OFF & _WDT_OFF & _PWRTE_ON & _XT_OSC
    CBLOCK 0x0C
      hesabu
      muda
    ENDC
    ORG 0x000

LIST, CBLOCK, ENDC, ORG: hakuna hata moja kwenye lile jedwali. Anaipekua datashiti upya, anadhani labda amepakua toleo pungufu, anatafuta nyingine, nayo ni ile ile. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakiishia hapo na kuamua kwamba asembli ni ngumu, wakati ugumu wenyewe haujaanza. Wanatafuta mahali ambapo jibu halikuwahi kuwekwa.

Amri kama MOVLW ni mali ya chipu. Inageuzwa kuwa namba, inachomwa ndani ya memori, na chipu inaitekeleza. ORG haichomwi popote. Ni elekezo, neno unaloiambia asembla, ile programu iliyo kwenye kompyuta yako inayogeuza kodi kuwa namba: kinachofuata kiwekwe kuanzia anwani hii. Kazi yake inaishia hapo hapo kwenye kompyuta. Chipu haijui kama kuna kitu kinaitwa CBLOCK, ambacho kazi yake ni kuzipa majina anwani za RAM. Kwa hiyo waandishi wa datashiti hawana sababu ya kukieleza, na hawakielezi. Hata kwenye __CONFIG, datashiti itakuonyesha biti za usanidi na maana zake, lakini jina _PWRTE_ON limetoka kwenye faili la .inc linalokuja na asembla.

Nalisisitiza hili kwa sababu matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ikiwa maelekezo ni mali ya asembla, basi chipu moja yenye asembla mbili ina seti mbili za maelekezo, na neno moja linaweza kufanya kazi mbili tofauti bila mtu yeyote kukuonya.

Chukua mstari huu mfupi wa kupakia namba:

    movlw 10

Ukiupitisha kwenye MPASM, asembla ya zamani ya Microchip, bila kusema chochote kuhusu mfumo wa namba, itasoma hiyo 10 kama heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Kwenye faili la .lst, orodha ya matokeo ambayo asembla huandika, utaona 3010 (30 ni amri, 10 ni namba yake), yaani umepakia kumi na sita. Upitishe mstari huo huo kwenye pic-as, asembla iliyoirithi, utaona 300A, yaani kumi ya kawaida. Hakuna kosa lililoripotiwa upande wowote. Taa iliyokuwa ikiwaka kwa mwendo mmoja sasa inawaka kwa mwendo mwingine, na fundi anaanza kubadilisha kristali na kapasita. Jibu la tatizo hilo lipo kwenye maelezo ya elekezo moja, RADIX, ndani ya kitabu cha asembla. Ukurasa mmoja tu.

Upande wa AVR, chipu za Atmel, kuna mtego mwingine ambao naona ni mbaya zaidi. Kwenye asembla ya Atmel, ndani ya sehemu ya data, ukiandika hivi:

    bafa:  .byte 16
    idadi: .byte 1

umetenga baiti kumi na sita za bafa, nafasi ya kuhifadhia data kwa muda, kisha baiti moja ya idadi. Asembla ya GNU, ambayo ni huru na hutumika pia kwa chipu hizo, nayo ina .byte, lakini kwake maana yake ni kuandika baiti yenye thamani uliyoitaja. Mtu akihamisha kodi, akabadilisha .dseg, elekezo la Atmel la kuanzisha sehemu ya data, kuwa .data ya GNU na kuliacha lile .byte kwa sababu linakubalika, bafa yake inakuwa na baiti moja yenye namba 16 ndani, na idadi inakaa pembeni yake papo hapo. Mara programu inapojaza bafa, inaikanyaga idadi na kila kilicho mbele. Elekezo la .org nalo ni vivyo hivyo: kwenye sehemu ya kodi, asembla ya Atmel inahesabu anwani kwa maneno ya biti 16, ile ya GNU inahesabu kwa baiti. Chipu ni ile ile, datashiti ni ile ile, na huko kwenye datashiti hakuna sentensi itakayokuokoa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ukishika kodi ya zamani ni hili: iliandikwa kwa asembla gani, toleo gani? Chipu inafuata baadaye. Mara nyingi jibu liko kwenye folda ile ile uliyopewa. Kama kuna faili la .lst, lifungue kwa programu yoyote ya maandishi. MPASM huandika jina lake na toleo lake juu ya kurasa. Kama hakuna .lst, angalia namna maneno yalivyo. FCB na RMB zinanuka Motorola, enzi za 68HC11; DB na DS zinaelekea Intel na 8051; .cseg na .dseg ni Atmel. PSECT na xc.inc ni pic-as ya siku hizi.

Ukishajua jina, tafuta kitabu kwa namba yake. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza usiku mzima. Ukiandika "maelekezo ya asembla ya PIC" kwa lugha yoyote, utaletewa makala mia za wanaoanza, kila moja imenakili mistari ile ile mitano. Mwongozo wa MPASM una namba DS33014, na nyuma yake hufuata herufi ya toleo. Ukitafuta kwa namba hiyo unafika moja kwa moja, hata kama ukurasa wa awali ulihamishwa. Na kurasa zinahamishwa kweli. Kitengo cha chipu cha Motorola kilikuwa Freescale mwaka 2004, kikaingia NXP mwaka 2015. Atmel ilinunuliwa na Microchip mwaka 2016. Kila mali inapobadilisha mwenyewe, viungo vinakatika, lakini namba iliyopigwa chapa kwenye jalada haibadiliki. Kwa vitabu vya zamani zaidi vya Intel na Motorola, hazina ya Bitsavers imehifadhi skani nyingi. Usitegemee kisanduku cha kutafutia ndani ya skani. Nenda kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu, jinsi ilivyokuwa zamani.

Kuna mahali pengine ambapo wengi hawapaangalii kabisa: ndani ya kifurushi cha programu yenyewe. Vifaa vya miaka hiyo vilikuja na msaada wake kwenye folda, na mara nyingi huo ndio mwongozo kamili. Shida ni umbo lake. Mafaili ya .hlp yalipoteza kisomaji chake Windows Vista ilipotoka, na Windows 10 haiyafungui kabisa. Ya .chm yanafunguka, ila ukiwa umeyapakua mtandaoni utaona orodha ya mada upande wa kushoto na upande wa kulia mtupu, kana kwamba faili limeharibika. Halijaharibika. Libofye kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, weka alama kwenye Unblock, na maandishi yote yatatokea. Nina hakika kuna watu wengi waliofuta mwongozo mzima kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja.

Na lile faili la .inc pia lisomwe. Ni maandishi ya kawaida. Fungua p16f84a.inc na huko chini utakuta majina yote unayoweza kuyatumia kwenye __CONFIG, pamoja na __MAXRAM na __BADRAM zinazoiambia asembla anwani zipi za RAM hazipo. Huwezi kupata maelezo mafupi na ya uhakika kuliko hayo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mwaka 2020 Microchip waliiondoa MPASM kwenye MPLAB X, programu yao ya kuandikia na kujengea kodi. Toleo la 5.35 ndilo la mwisho kuwa nayo, kuanzia 5.40 asembla iliyopo ni pic-as, inayokuja na XC8, kompaila yao ya C. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. MPASM ilikuwa programu ya biti 32, dunia ilikuwa imeshahama, na kampuni iliandika mwongozo wa kuhamisha kodi na kuacha matoleo ya zamani yapakuliwe. Wengine wengi hawakufanya hata hayo. Lakini mwanafunzi anayeanza leo anapakua toleo jipya, anachukua mfano wa kodi wa mwaka 2005, anapata makosa kuanzia mstari wa kwanza, anafungua mwongozo mpya na kukuta sura ndefu ya PSECT, elekezo la kugawa kodi katika sehemu. Anachotaka yeye ni CBLOCK, na CBLOCK haimo. Mwongozo mpya hauna kosa. Ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kuna vitabu viwili.

Hapo mimi nawalaumu wanaofundisha kuliko wanaotengeneza. Noti nyingi za vyuo nilizopitia zinaanza na mistari ile ile, LIST, include, __CONFIG, ORG, na mwalimu anaruka moja kwa moja hadi kwenye amri ya kwanza. Wanafunzi wanaikariri ile sehemu ya juu kama dua ya kufungulia kikao, hakuna anayeuliza. Saa moja ya kueleza nini kinaingia kwenye chipu na nini kinabaki kwenye kompyuta ingewapa uwezo wa kusoma kodi ya asembla yoyote. Saa hiyo haitolewi, halafu miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo anakabidhiwa bodi ya inveta au ya pampu iliyoandikiwa programu zamani, na hajui aanzie wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi ya asembli ni mali ya aina hiyo. PDF ya mwongozo ni megabaiti chache. Kifurushi cha MPLAB X ni mamia ya megabaiti au zaidi, na kwa bei ya bando hakuna anayependa kukipakua mara mbili. Weka vyote kwenye folda ya mradi: kodi, faili la .inc lililotumika, PDF ya mwongozo wa asembla, na nakala ya kifurushi kwenye diski. Halafu juu kabisa ya kodi andika maneno ya wazi:

    ; Asembla: MPASM 5.51
    ; Mwongozo: DS33014
    RADIX DEC

Mstari wa tatu ni elekezo halisi, na naona haufai kukosekana kwenye faili lolote la MPASM. Hata kama umezoea heksadesimali, tangaza kwa RADIX HEX. Anayekuja baada yako asilazimike kubahatisha kama 10 ni kumi.

Kwa walio kwenye Linux, au wenye kompyuta isiyobeba kifurushi kizito, kuna gputils. Asembla yake, gpasm, ni huru na inaelewa sehemu kubwa sana ya maelekezo ya MPASM. Ni ndogo, inafanya kazi kwenye mashine dhaifu, na kwa kodi ya PIC ya zamani mimi huanzia hapo kabla ya kutafuta toleo la 5.35.

Na ikiwa umetafuta kote na kitabu hakipo, bado unayo asembla yenyewe. Unda faili tupu, weka elekezo moja usilolijua, lipitishe kwenye asembla, kisha soma .lst. Chukua DT na DA za MPASM, ambazo zinafanana sana kwa macho. Andika DT "AB" na .lst itakupa 3441 na 3442: hizo ni amri mbili za RETLW, ya kwanza ikirudisha A na ya pili B, kwa hiyo DT ni ya kutengenezea jedwali la kusomwa kwa CALL. Andika DA "AB" na utapata neno moja, 20C2, yaani herufi mbili za biti saba saba zimebanwa pamoja kwenye biti 14. Ukishaona namba hizo mbili huwezi tena kuzichanganya. Yaandike matokeo kwenye faili la maandishi, elekezo moja kwa mstari, utaje na toleo la asembla, kisha uliweke faili hilo kwenye folda ile ile ya mradi.