Stika Zimebaki, Madirisha Yamefungwa

Zile stika za nyayo, za kupanga foleni mita moja moja, bado zimeganda sakafuni. Zimechubuka na hakuna anayezitazama. Mlangoni kuna chupa ya kitakasa mikono iliyokauka zamani, nayo haiondolewi, kama mlinzi aliyestaafu ambaye hakuna aliyethubutu kumpa taarifa. Sasa ingia ndani: watu 40 ukumbini, madirisha yote yamefungwa, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinanguruma, na kule nyuma mtu anakohoa. Basi hayo ndiyo tuliyovuna kwa gharama yote ile. Hongera zetu.

Makovu ya Korona ni mengi, sibishi. Wapo watoto waliotoka shule na hawakurudi. Wapo ambao miili yao haijarudia hali yake mpaka leo, na jamaa zao wamechoka kuwasadiki. Imani kwa wataalamu imeshuka, na wataalamu wenyewe walisaidia kuishusha. Hayo yote yana wasemaji wake. Hewa haina msemaji, basi leo nitaisemea mimi.

Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika mtandaoni, kwa herufi kubwa kabisa, kwamba ugonjwa huu HAUENEI kwa hewa. Siku 18 kabla ya hapo, wanakwaya 61 walikuwa wamekutana kwa mazoezi huko Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Kitakasa mikono kilikuwepo mlangoni, na watu walijizuia kushikana mikono na kukumbatiana. Waliimba ndani kwa takriban saa mbili na nusu. Wagonjwa, waliothibitishwa na waliokisiwa, walifika 53, na wawili wakafariki. Julai mwaka huohuo wanasayansi 239 wakaunga mkono barua ya wazi: jamani, ni hewa. Shirika likasogea neno kwa neno, likafika mwishoni mwa 2021 ndipo likatamka bila kumung'unya.

Lakini somo la kwanza ndilo hukaa kichwani. Watu walikuwa wameshajifunza kufuta: vitasa, meza, hata pakiti za unga. Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikaeleza kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida uko chini ya 1 kati ya 10,000. Haya, nakubali: kunawa mikono kunazuia kuhara na kipindupindu, na anayenawa aendelee kunawa. Ila usinawe halafu ukajifungia.

Tuanze na kiyoyozi, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Kile cha ukutani hakileti hewa ya nje. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinawarudishia ileile. Mabomba yanayotoboa ukuta kwenda nje hubeba gesi ya kupoozea, na jingine hutoa maji. Kile kichujio cha wavu unachokisafisha kinakamata vumbi na nywele, si chembe zinazotoka kinywani. Feni ya darini nayo hukoroga tu.

Unayetaka ushahidi, tafuta kipimo cha hewa ya ukaa, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, na pumzi inayotoka mapafuni karibu 40,000. Chumba kikisoma chini ya 800 kinapumua vizuri. Kikifika 1,500, karibu asilimia 3 ya hewa unayovuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia: nunua kinachopima kwa miale ya infraredi. Vile vya bei ya kutupa hukisia kwa kunusa kemikali. Sogeza kitakasa mikono karibu, namba ikiruka ghafla ujue umepigwa. Kiweke usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na dirisha na mbali na midomo. Na kitoe nje mara kwa mara, kwa sababu vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kuwa namba ya chini kabisa ya siku zilizopita ndiyo hewa ya nje. Kwenye chumba kisichofunguliwa kamwe, kipimo cha aina hiyo hugeuka mwongo mwenye adabu.

Dirisha moja wazi husaidia kidogo. Mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, ndiyo huleta mkondo. Upepo ukikosekana, weka feni dirishani ikitazama nje, isukume hewa chafu, halafu acha uwazi upande wa pili. Wengi huigeuza ndani, wakampulizia aliyekaa mwisho pumzi za wote waliomtangulia. Na haya madirisha ya alumini ya kuteleza, fahari ya kila jengo jipya, hufunguka nusu tu.

Huko Lima, Peru, watafiti walipima vyumba vya hospitali, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha mapana yalibadilisha hewa mara 40 kwa saa, na yale ya kisasa mara 17. Wazee wetu waliokuwa wakihofia kifua kikuu walijenga wakijua wanafanya nini.

Pasipofungulika kwa vumbi au kelele, kuna sanduku la kuchuja hewa la kujitengenezea: vichujio vinne vya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kunasa chembe ndogo) vinasimamishwa kuwa kuta, kadibodi chini, feni ya mraba juu ikipuliza kwenda juu. Mishale ya vichujio itazame ndani. Ziba kila kona kwa gundi ya utepe, maana hewa hupita penye upenyo kwanza. Pembe za feni zifunike kwa kadibodi yenye tundu la duara, la sivyo hewa hurudi nyuma. Usioshe vichujio, maji huua chaji inayonasa chembe ndogo. Na usishangae kipimo cha hewa ya ukaa kisiposhuka. Sanduku huchuja chembe, gesi haliigusi.

Mkaguzi akija jengoni huuliza mtungi wa kuzimia moto umekaguliwa lini. Haulizi chumba kinaingiza hewa kiasi gani, ingawa Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilelile lilitaja kiwango: lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu 40 ni lita 400 kila sekunde. Kiyoyozi cha ukutani kinaleta sifuri.