Bodi ya Bonde inahitaji daftari, na fedha yake yenyewe

Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, anaijua DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na deni analodaiwa. Muulize Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko wapi, atakukodolea macho. Iko Morogoro, na ndiyo yenye kuamua nani achote mto Ruvu na kiasi gani kabla maji hayajafika mtambo wa Mlandizi unaolisha jiji. Huku Uholanzi, mtu akihamia tu, barua ya kodi ya waterschap inamfuata mlangoni. Hiyo ni bodi ya maji ya eneo. Ziko 21, wajumbe wengi huchaguliwa kila miaka 4, hata mgeni mwenye kibali cha kuishi anapiga kura, na kodi inaingia kwenye mfuko wa bodi yenyewe.

Nyumbani wengi hudhani siri ya Waholanzi ni mitambo. Mimi naiona kwenye daftari. Kila mfereji umeandikwa upana wake, kina chake, mteremko wa kingo na nani anawajibika kuutunza. Kila mwaka, kabla baridi haijakolea, wakaguzi hupita: magugu yametolewa? Tope limefika wapi? Kalavati limeziba? Aliyezembea huandikiwa, hupewa muda, kisha wanarudi. Akiendelea kuuchuna, bodi inaleta mashine, inasafisha, na bili anatumiwa yeye.

Sasa njoo Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kwa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Hizo ni kama mita za ujazo 5.4 kila sekunde, usiku na mchana. Mwishoni mwa 2022, vuli ilipochelewa, mto ulishindwa na jiji likaingia kwenye mgao. Wenye maboza, malori ya kuuza maji, wakashangilia. Pampu moja ya lita 5 kwa sekunde ikiunguruma saa 12 inavuta lita 216,000. Zikiwa 50 zisizo na kibali, ni lita milioni 10.8 kwa siku. Hata mwenye kibali hakamatiki kirahisi: karatasi ina kiasi, lakini banio la kuchepusha maji lisipokuwa na kipimo wala pampu mita, afisa anabaki kukagua karatasi. Ndiyo maana tunaishia kwenye operesheni. Mto ukikauka pampu zinakamatwa, mvua ikinyesha zinarudi.

Halafu kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya umbali huo kutoka kingo za mto. Piga hesabu: kilomita moja ya mto, pande zote mbili, ni hekta 12. Kwenye milima ya Uluguru, Ruvu unakoanzia, ambako mtu analima nusu ekari kwenye mteremko, hizo ni sufuria za familia nyingi. Ukimwondoa mikono mitupu, atarudi. Dawa ilishaonjwa: mradi wa mashirika ya CARE na WWF uliwalipa wakulima wa Kibungo, hukohuko Uluguru, waliochimba matuta na kupanda miti, DAWASCO, kampuni ya maji ya jiji wakati ule, na Coca-Cola Kwanza wakichangia. Shida ya mradi ni kwamba una tarehe ya kufa. Na tope halina tarehe. Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu, la lita bilioni 190, litayapunguza maji mwendo, na maji yakitulia hushusha mzigo wake palepale.

Kwa hiyo mwelekeo wa bodi, kwa maoni yangu, uanzie kwenye bili ya Dar. Shilingi 20 kwa kila uniti (lita 1,000), kwenye mstari wake unaoonekana, ziende moja kwa moja kwa bodi. Zikilipiwa uniti 300,000 kwa siku, ni milioni 6 kila siku. Najua watu watapiga kelele. Kununua boza moja huuma zaidi. Fedha hizo zilipe wakulima wa matuta, vigingi vya mita 60, vipimo vya kina cha mto na posho za wakaguzi kutoka Jumuiya za Watumia Maji. Waanze na tawi moja, mathalani Ngerengere: watembee kwa miguu, waandike kila banio na kila pampu, upana wa bomba, jina la mwenye nalo, mwenyekiti wa kijiji asaini. Wapite tena Julai, tope la masika likionekana, na Septemba kabla maji hayajapungua sana. Bila mzunguko wa pili daftari litaozea kabatini.

Kuna la kutoiga. Bodi za huku zilikuwa mali ya wenye ardhi kwa karne nyingi, wakakausha udongo wa mboji ili ng'ombe wasizame, na ardhi hiyo inadidimia mpaka leo pamoja na nyumba zilizo juu yake. Wajumbe wa bodi yetu wanateuliwa. Ikifika zamu ya kuchagua, kiti kimoja kiwe cha wakulima wa mbogamboga, kimoja cha wafugaji, kimoja cha wateja wa Dar, na kila mmoja apigiwe kura na watu wake. Mwenye mashamba makubwa hatahitaji kutengewa. Huyo kiti hujitafutia.