Dizeli Iliyochoka Haitaki Rimapu

Sina ugomvi na rimapu. Fundi anachomeka kompyuta yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anaisoma programu inayoendesha injini, anaibadilisha mwenyewe au anaituma kwa mtaalamu wa ng'ambo, kisha anairudisha. Injini inapewa mafuta na hewa zaidi, na mipaka ya nguvu iliyowekwa kiwandani inasogezwa juu. Kwa dizeli yenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ongezeko la asilimia 20 hadi 30 si porojo. Tatizo langu ni magari yanayopelekwa kufanyiwa kazi hiyo hapa Nairobi.

Gari lenyewe unalijua. Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, namba ya usajili inayoanza na KC, dashibodi inasoma kilomita 160,000 na nyumba nzima inajua idadi hiyo ni ya kujifariji. KEBS, shirika la viwango la Kenya, huruhusu gari liingie nchini mradi halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Jumlisha hiyo miaka ya Japani na mingine sita ya foleni za Mombasa Road. Mwenye gari analalamika kwamba limekuwa zito, mlima linaukataa, mafuta linayanywa. Kijana wa gereji anamtazama kwa huruma: "Bosi, hii gari imefungwa. Wacha tuifungue nguvu."

Ngoja kidogo. Kama gari lilikuwa linapanda mlima huo zamani na leo linashindwa, programu ya kiwandani haijabadilika hata tarakimu moja. Ni vyuma vilivyobadilika.

Anza na njia ya hewa. Vali ya EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili hugeuka lami nyeusi inayoganda kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Injini ya CX-5 ina sifa mbaya kwa hilo, na safari fupi za mjini zinaikoleza. Injini isiyopumua haiwezi kuwa na nguvu, na ukiiongezea mafuta bila hewa utapata moshi mweusi tu. Paipu ya intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ikiwa imepasuka, mambo ni yale yale. Nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda zikiwa zinavuja, mafuta ya ziada yataingia vibaya kuliko mwanzo, na pistoni ndiyo itakayoungua.

Halafu kuna kichujio cha masizi, DPF. Ili kiyachome masizi yake kinahitaji joto la nyuzi kama 600. Gari linalotoka Kileleshwa kwenda Upper Hill na kurudi halifikishi joto hilo lenyewe, hivyo kompyuta inamwaga mafuta ya ziada ili yakaungulie kwenye ekzosi. Ukizima injini katikati ya shughuli hiyo mara kwa mara, inaanza upya kila safari, na baadhi ya mafuta huteremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana kwenye dipstiki ya dizeli za Mazda kuna alama ya X juu ya alama ya kawaida: oili ikifika hapo, imeshachanganyika na dizeli na haifai kulainisha kitu. Wengi wetu tumezoea kuogopa oili ikipungua. Ikipanda tunamshukuru Mungu.

Na mafuta yenyewe, tusijidanganye. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Tozo haiwekwi kwa tatizo la kubuni. Pampu ya dizeli za kisasa hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Jambo ambalo sisikii likitajwa kabisa ni mwinuko wa mji wetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Turbo ikitakiwa kufikisha shinikizo la bar 2.2 ndani ya manifoldi, Mombasa inaibana hewa ya nje mara 2.2. Hapa lazima iibane karibu mara 2.7, na ukipita Limuru zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba inazunguka kwa kasi kubwa kuliko ambavyo ingezunguka pwani, na hewa inatoka ikiwa moto zaidi. Programu ya kiwandani inalijua hilo: inapima hewa ya nje na kupunguza shinikizo ili turbo isipitilize. Sasa faili iliyotengenezwa na mtu aliyekaa Ulaya, kwa ajili ya barabara za kule, ikiwa imelegeza vizuizi hivyo, utaijaribu ukipanda kutoka Mai Mahiu na familia nzima ndani. Turbo yenye kilomita laki mbili itakujibu hapo hapo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wengi hawauziwi hata nguvu. Wanauziwa kuondolewa kwa DPF: kichujio kinakatwa, kompyuta inadanganywa kwamba bado kipo. Mwaka 2015 Volkswagen iliingia matatani Marekani na duniani kwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi, ikalipa mabilioni ya dola. Kwetu huduma ya kudanganya kompyuta inatangazwa mitandaoni pamoja na ofa ya kuoshewa gari, na masizi anameza mwenye bodaboda aliye nyuma yako.

Ningekuwa na dizeli hiyo na pesa ya rimapu mkononi, ningelipia vipimo kwanza: mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kompresheni ya silinda zote, uvujaji wa paipu za turbo. Ningesafisha manifoldi na kubadilisha oili ya injini na ya giaboksi. Kisha ningemchukua fundi tukapande Mai Mahiu, kompyuta ikirekodi shinikizo na joto. Nadhani wengi wakifika hapo watagundua nguvu waliyokuwa wakiitafuta imesharudi.

Anayeitaka zaidi bado aombe ongezeko la upole, awaambie watu wa bima kwamba injini imebadilishwa kabla hawajagundua wenyewe siku ya ajali, na adai nakala ya faili ya awali kwenye flashi yake mwenyewe. Fundi anayesema nakala haihitajiki huwa hakuihifadhi.